Pimamaji na Mdomo wa Njia

Wifi yangu hapendi kusifiwa. Ukimwambia amefanya jambo jema, atakuuliza kama umeshakunywa chai. Kwa hiyo haya nayaandika bila kumwomba ruhusa, na siku akiyasikia Mungu atanisaidia.

Mafundi wenzake wanamwita Pimamaji. Kwa asiyejua, pimamaji ni kile kifaa cha fundi mwashi, kirefu kama rula nene, chenye kichupa cha maji na kipovu ndani yake. Unakilaza juu ya tofali, kipovu kikikaa katikati ujue tofali limelala sawa. Wifi yangu anayo ya kwake, ameivisha kisoksi cha mtoto isikwaruzike, lakini huitoa mwishoni. Kwanza anapiga magoti, anafumba jicho moja, anatazama. Akisema jiwe limeinama kushoto, limeinama. Mkubwa mmoja wa kazini alibishana naye siku za mwanzo, pimamaji ikaletwa mbele ya watu, na kipovu kikaonyesha vilevile alivyosema. Jina likamganda siku hiyo.

Mume wake ni kaka yangu, fundi saa. Miguu ya kaka ilikataa kutembea tangu akiwa na miaka minne, baada ya homa. Mikono yake ni mizuri ajabu, anaweza kushika skrubu ndogo kama punje ya mtama bila kutetemeka. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ambayo pedali zake ziko mbele ya kifua, unazungusha kwa mikono. Nyumbani kwetu hatujawahi kuiita kitu kingine. "Nisogezee baiskeli." "Baiskeli imeishiwa upepo." Msomaji wangu, lishike neno hilo, tutalihitaji huko mbele.

Niseme na kosa langu. Alipoolewa kwetu, mimi nilijiambia moyoni kwamba huyu hatamaliza mwaka. Nilimwona ana mwili wa kazi, ana maneno makali, hacheki ovyo. Nikasema atachoka kusukuma. Huu mwaka wa kumi na tisa. Nimeshatubu, lakini nalitaja ili ujue ninamsifu nikiwa nimeshika kichwa kwa aibu.

Kusukuma kwenyewe kulikuwa hivi. Kutoka nyumbani kwao kuna njia nzuri ya baiskeli na waenda kwa miguu, inafuata mfereji mkubwa hadi kwenye mzunguko wa magari. Hapo inakatika, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mbele, kwenye jengo la posta, inaanza njia nyingine nzuri inayofika mpaka sokoni, kwenye meza ya kaka. Kati ya njia hizo mbili ni barabara kubwa tupu, malori na mabasi. Wifi aliihesabu: hatua mia sita na arobaini. Kila asubuhi alimfungia kaka kitambaa chekundu mgongoni, akashika kiti kwa nyuma, akamsukuma mbio hizo hatua mia sita na arobaini, kisha akaenda zake kutafuta kibarua cha kuchanganya zege.

Wanawake wa mtaani walimtania. "Wewe kila siku uko nyuma ya mume!"

"Nyie waume zenu mpaka muwapigie simu kujua wako wapi," alijibu. "Mimi wangu namwona mgongo."

Mwaka juzi kioo cha lori kiliwapitia. Hakikumgusa wifi, kilipiga kiti. Baiskeli ikaingia mtaroni na kaka ndani yake, mfupa wa bega ukavunjika. Bega lilipona baada ya miezi mitatu, yeye hakupona. Alisema, "Barabara ile sirudi," akahamishia meza yake chumbani, karibu na dirisha. Wateja wawili watatu walimfuata, wengine wakapotea. Kuna mzee aliyekuja kuulizia saa yake ya ukutani, "Bado imesimama?" Kaka akamjibu, "Saa yako inatembea, mzee. Aliyesimama ni mimi." Mzee alicheka, akasema ataifuata kaka akirudi sokoni. Mimi nilikuwa natenga chakula, nikaona wifi hakucheka.

Ndipo zikaja habari kwamba hizo njia mbili zitaunganishwa. Si kwa kuchora mstari wa rangi barabarani, hapana. Njia kamili, upana wa mita tatu, yenye ukingo wa mawe mazito kati yake na magari, ili hata dereva akisinzia agonge jiwe asigonge mtu. Walipotangaza vibarua, wifi alikuwa wa kwanza getini, na beleshi lake mwenyewe begani.

Alianza kwa kubeba maji. Wiki ya pili msimamizi, mtu wa kelele nyingi na moyo si mbaya sana, alimkuta amepiga magoti kwenye mawe ya kingo yaliyolazwa na wanaume.

"Mama, huko unasali?"

"Nawasalia mawe yenu. Hili limelewa, na hili linalifuata."

Msimamizi akaleta pimamaji kwa hasira. Akaitazama, akamtazama yeye, akamkabidhi nyundo ya mpira. Tangu siku hiyo mawe ya upande wa magari yalikuwa yake. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, nikamsikia akiongea nayo anapoyagonga: "Kaa, baba. Kaa vizuri. Usimtegee mtu gurudumu." Jiwe lisipomridhisha aling'oa, akakwangua saruji, akaanza upya, na wenzake wakipiga miluzi kwa kuchoka. Ni mkaidi, siwezi kuficha. Hata kizingiti cha mlango wangu alishawahi kukibomoa akiwa amekuja kama mgeni tu.

Miezi minne walifanya. Kaka hakwenda kuiona hata mara moja, lakini kila jioni aliuliza, "Mmefika wapi?" na wifi alitaja mti au nguzo ya umeme. Nilijua anahesabu. Siku moja nilimkuta ametia grisi kwenye mnyororo wa baiskeli. Nilimshukuru Mungu nikiwa nakata mboga.

Zilipobaki siku nne njia ifunguliwe, wakaletewa nguzo fupi za chuma. Kila mdomo wa njia ulitakiwa uwe na nguzo tatu, ili pikipiki zisiingie. Wifi alipewa kuchimba mashimo ya mdomo wa upande wa mzunguko. Akachimba la katikati, nguzo ikasimamishwa, zege likamiminwa. Akachimba la kushoto. Akachimba la kulia. Halafu akasimama, akafumba jicho moja.

Jioni ile nilikuwa kwao. Kaka alikuwa mezani kwake, yuko ndani ya baiskeli kama kawaida yake, anakula. Wifi aliingia na fulana yake ya kung'aa, hakusalimia, akatoa uzi wa ujenzi mfukoni, akaupitisha kutoka kiwiko hiki mpaka kile.

"Unanipimia jeneza?" kaka akauliza, tonge mkononi.

"Zungusha pedali."

"Nile kwanza, au wafu hawali?"

"Zungusha, mume wangu."

Akazungusha. Akizungusha viwiko vinatoka nje, hupita magurudumu. Wifi akafunga fundo kwenye uzi, akauweka juu ya futikamba. Sentimita tisini na mbili. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilikuwa sentimita sitini na tano.

Hakutaka kusema, lakini kaka anamjua. Aliweka sahani chini. "Haipiti?"

"Mashimo mawili bado hayana nguzo."

"Nimekuuliza, haipiti?"

"Kwa sasa haipiti."

Kaka alifuta mikono. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo. "Msije mkaniambia nijaribu, nijaribu. Nikianza tena halafu wakanifungia mlango, mara ya tatu sitaanza. Nitakaa hapa hapa dirishani." Akachukua saa ya mtu, akajifanya anaitazama.

Asubuhi wifi alimwendea msimamizi.

"Mchoro ni mchoro," msimamizi akasema. "Kazi yako shimo. Nguzo si zako."

"Basi nitakaa shimoni mpaka mwenye mchoro aje."

"Mama Pimamaji, getini kuna wanawake kumi wanaitaka fulana yako."

"Wape. Ila aje aniambie yeye."

Na kweli alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani, beleshi mapajani. Msimamizi alizunguka, akafoka, akaenda, akarudi. Hakumfukuza. Nadhani alishamzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Saa nne injinia akafika. Ni kijana mpole, mwenye miwani, anayeandika kila kitu kwenye daftari.

"Shikamoo mama. Nasikia umegoma."

"Marahaba, mwanangu. Sijagoma, nina swali. Kile kibao mlichosimamisha kinasemaje?"

Injinia akageuka akakisoma kana kwamba hajawahi kukiona. "Njia ya baiskeli."

"Na kile anachotembelea mume wangu, cha magurudumu matatu, unakiitaje?"

"Ile ni baiskeli ya..." akatafuta neno la heshima.

"Ishia hapo hapo. Umeshasema baiskeli."

Vibarua wakaangua kicheko. Msimamizi mwenyewe aligeuza uso. Wifi akatoa uzi wake, akaunyoosha kati ya nguzo ya katikati na shimo la kulia, fundo likavuka shimo likaning'inia upande wa pili. Injinia aliutazama ule uzi, akavua miwani akaifuta.

"Kosa ni langu," alisema. Nimeishi miaka mingi, sijasikia wakubwa wengi wakitamka hivyo mbele ya vibarua. "Nilipima baiskeli moja tu, yangu. Lakini mama, hapa pana tatizo. Popote itakapopita ya mume wako, pikipiki nayo itapita. Na zikiingia pikipiki, nani atapita?"

Wifi akaukunja uzi wake. Alisema tu, "Waombeni."

"Waendesha pikipiki wanaombwa?"

"Hata Mungu anaombwa."

Injinia akaandika. Uamuzi wake ulikuwa huu: njia ifunguliwe Jumatatu na nguzo moja tu ya katikati kila mdomo. Mashimo ya pembeni yafunikwe kwa mbao. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo atakuja kukaa mwenyewe kuanzia asubuhi. Akiona pikipiki zimeifanya njia yao, nguzo zinasimama, na hakuna la kuzungumza. Zisipoingia, mashimo yanazibwa. Nguzo zenyewe ziliachwa zimelala pale pale kando ya mashimo, kila mtu azione.

Jumatatu ile wifi alihesabu pikipiki kumi na moja kabla ya adhuhuri.

Jumanne asubuhi alinipitia. "Wifi, vaa viatu." Nje alikuwa na baiskeli ya kaka, tupu. Kaka alimkubalia kuichukua bila kuuliza, akabaki kitandani, uso ukutani. Tukaisukuma mpaka kwenye kituo cha pikipiki, pale kwenye mzunguko. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo, maana namjua ulimi wake. Lakini siku hiyo alikuja na sauti laini kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Nani kati yenu dereva hodari?"

Wote wakamnyooshea kidole kiongozi wao, kijana mnene mwenye kofia ya njano, wanamwita Mwenyekiti.

"Basi, Mwenyekiti, nisaidie. Nifikishie hii baiskeli posta. Kwa barabara kubwa, maana ile njia naona mmeichukua nyie."

Wakacheka. Mwenyekiti akaizunguka baiskeli. "Mama, hii mbona haina injini?"

"Injini ni wewe."

"Na breki?"

"Breki ni sala."

Hapo kituo kizima kilipiga makofi. Mmoja akasema, "Mwenyekiti anaogopa!" Ikawa hana tena pa kukimbilia. Alijibana kwenye kiti, akamkabidhi wifi ufunguo wa pikipiki yake, akaanza kuzungusha. Tulimwona akienda zigizaga kama kuku aliyefungwa mguu. Basi likampigia honi, akainama. Lori likampita, kofia ya njano ikapeperuka, ikakanyagwa. Wenzake walicheka mpaka lori la pili. La pili lilipita karibu mno, na kicheko kikakatika. Wote walinyoosha shingo mpaka tulipomwona amefika posta.

Kurudi hakurudi kwa barabara. Aliingia kwenye njia mpya. Alikuwa anakuja taratibu, jasho linamtiririka, na ukingo wa mawe ya wifi kati yake na magari, uso wake umeanza kurudi kuwa wa mtu. Akiwa amebakiza kidogo kufika, pikipiki ikaingia kwa kasi mdomoni, ikamwelekea. Mwenyekiti akatupa mikono juu.

"Wewe! Huoni? Hii ni njia ya baiskeli!"

Aliyekuwa kwenye pikipiki alikuwa mwenzake wa kituo. Watu waliketi chini kwa kucheka. Mimi mwenyewe, na umri wangu huu, nilishika mbavu. Mwenyekiti alibaki katikati ya njia, mdomo wazi, akiyasikia mwenyewe aliyosema. Kisha akateremka, akamwendea yule mwenzake, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Akaja kwa wifi. Hakucheka. "Mama, mwenye hii baiskeli ndiye yule fundi saa wa sokoni?"

"Ndiye."

"Nilidhani alihama."

"Hakuhama."

Akaitazama mikono yake, imeiva wekundu kwenye viganja. "Alikuwa anafanya hivi kila siku?"

"Na mimi nyuma."

Jumatano iliingia pikipiki moja, mgeni asiye wa kituo kile, akarudishwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alhamisi hakuna. Ijumaa hakuna. Jumamosi injinia alikuja na kiti cha kukunja na daftari, akakaa tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Wasichana wa shule walipita kwa baiskeli, muuza mikate akapita na kreti lake, mama mmoja na mtoto mgongoni. Pikipiki zilikuwa zinafika mdomoni, zinaona Mwenyekiti amekunja mikono, zinakumbuka zina safari nyingine. Ilipofika saa saba injinia akafunga daftari. Alimtafuta wifi kwa macho.

"Mama, ziba mashimo."

Azibiwe na nani? Aliziba mwenyewe, yote manne, mdomo huu na ule, na hakutaka kusaidiwa kumwaga hata ndoo moja. Akalainisha kwa mwiko, akayafunika magunia yenye maji, akasema zege lisikanyagwe mpaka Jumatatu. Jumapili alikwenda kuyamwagilia mara tatu. Katikati tulikwenda kusali, na nilimwona kucha zake bado zina saruji.

Jumatatu nilifika kwao mapema. Kaka alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, kisanduku cha vifaa kipo mapajani, saa ya ukutani ya yule mzee imefungwa kwa gazeti nyuma ya kiti. Wifi alimfungia kitambaa chekundu mgongoni, kwa mazoea. Tukafuata njia ya mfereji mpaka kwenye mzunguko, mahali ambapo zamani kusukuma kulianzia. Wifi akashika kiti kwa nyuma, akainama, tayari kwa mbio.

"Mke wangu," kaka akasema bila kugeuka, "toa mikono."

Akatoa. Kaka akazungusha. Viwiko vikatoka nje, vikapita kati ya nguzo na ukingo, na nafasi ikabaki. Akaenda. Malori yalikuwa yananguruma upande wa pili wa mawe, naye anakwenda tu, kitambaa chekundu kinapungua, kinapungua, mpaka karibu na posta. Mwenyekiti alisimama kituoni akavua kofia yake mpya.

Nilimgeukia wifi. Mikono yake ilikuwa bado iko mbele, kama imeshika kitu.

"Wifi," nikasema taratibu.

"Lile jiwe la tatu," akanijibu kwa sauti nzito, "limeinama. Kulia. Sijui niliacha vipi."

"Lipi?"

"Lile pale. Huoni? Limeinama kabisa."

Akaenda, akapiga magoti, akatoa pimamaji kwenye kisoksi chake, akailaza juu ya jiwe. Nami nikainama kuangalia. Kipovu kilikaa katikati, kimetulia, hakikwenda kulia wala kushoto. Wifi alikitazama kwa muda mrefu, kisha akajifuta uso kwa mkono wa fulana.

"Umeshakunywa chai?" akaniuliza.